Sabufa Mbili na Mkeka wa Mama Zuhura

Kabati la vyombo bado limesimama pale pale mlangoni. Mgeni yeyote anayeingia sebuleni kwa Mama Zuhura, hapo Kasulu, lazima ajiulize ni nani mwenye akili timamu aliyeliweka kabati kubwa la mninga mahali ambapo mlango haufunguki wote, mpaka mtu apite kwa ubavu huku akishikilia mkoba wake. Jibu ni kwamba ni mimi. Mimi, marehemu Baba Zuhura, na fundi mmoja anayeitwa Emanueli, na tulilisogeza mwaka 2013 kwa sababu ambayo hata leo ukiniuliza nitakwambia ilikuwa ya maana. Baba Zuhura alitutoka mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza. Kwenye msiba nilifika nimechelewa, kwa kuwa barabara ya kutoka Kibondo ilikuwa tope tupu, nikakuta watu wengi na sikupata nafasi ya kukaa na mama peke yetu. Safari hii nimekuja akiwa ameshatoka eda. Kwenye begi, chini ya kitenge nilichomletea, nilibeba kompyuta yangu ya zamani ambayo betri yake ilishakufa na haiwaki mpaka ichomekwe ukutani. Ndani yake mna sauti fupi ambayo nimeitunza miaka yote hii. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama ni kitu cha kumpelekea mjane, au ni cha kuacha kilale kilipolala.

Mwaka ule nilikuwa binti mbichi, nimetoka chuo, nimepata kazi ya mitambo kwenye kituo kidogo cha redio cha pale mjini. Ya nyumbani kwetu tuyaache, hayana ajabu. Nilipanga chumba kwa Baba Zuhura, ambaye alikuwa na duka la vitenge na vyombo na alikuwa na wateja mpaka Mabamba mpakani. Chumba changu kilitenganishwa na sebule kwa ukuta mwembamba wa tofali na pazia la maua. Wiki ya kwanza niliahidiwa kuwa nitajipikia mwenyewe. Wiki ya pili Mama Zuhura aliingia, akalitazama jiko langu dogo la mafuta ya taa, akatazama na sufuria yangu moja, akaondoka zake. Jioni niliitwa mezani. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka iliyopikwa kwa mawese, au maharage ya nazi pale nazi zilipofika kutoka Pwani walikokuwa ndugu za mzee, na baada ya kula chai ya tangawizi iliyokaa kwenye chupa kubwa nyekundu tangu alasiri. Mama alikuwa mtu wa Ujiji, mwenye macho makali na maneno ya kuchoma bila kuumiza. Sauti yake ilikuwa kubwa sana. Hakuwa na njia ya kujua ni kubwa kiasi gani, kwa hiyo mtaa mzima ulijua kila siku tumekula nini, na nani kaacha mifupa yenye nyama.

Hakuwa na njia ya kujua kwa sababu alikuwa hasikii. Miaka michache kabla sijafika, homa ya uti wa mgongo ilimlaza hospitali, na alipoamka sauti za watu zilikuwa zimekwenda. Zilibaki sauti nzito peke yake: lori likipanda kilima, mashine ya kusaga ya jirani, ngurumo, na ngoma. Maneno aliyasoma midomoni mwa watu. Nilikuta kwenye ukuta wa sebule picha ya mzee akiwa na sharubu nene za kujivunia, na nilipomtania kwamba picha ile si yake, alijibu huku akijifuta mdomo, "Nilizinyoa mwenyewe, Yusta. Mama Zuhura alisema zinamfichia maneno." Tangu siku hiyo nilimpenda mzee yule, na sioni aibu kulisema.

Sasa niieleze sebule, maana kila kitu kilitokea humo. Kulikuwa na makochi mekundu yenye vitambaa vya kufuma, televisheni ya kichogo juu ya meza, deki, spika ndogo zilizotundikwa kwenye pembe, na sabufa moja iliyokuja na deki, imekaa chini karibu na dirisha. Sakafuni, kwenye ukuta wa upande wa jikoni, kulitandikwa mkeka wa ukindu na mto wa pamba. Hapo ndipo mahali pa Mama Zuhura. Hakuna aliyekuambia usipakalie. Ulijifunza kwa kutazama. Nyumba ikijaa watu wa maulidi, wanaume walikaa wawili wawili kwenye kochi la mtu mmoja, wengine wakaegemea mikono ya viti, na mkeka ukabaki mtupu na mto wake mama akiwa jikoni. Hata Zuhura, binti yao wa pekee, alikaa pembeni ya mkeka, miguu ikiwa nje. Ilikuwa heshima, na ya aina ile ambayo mtu hata haifikirii. Jioni mama alikaa pale, mzee anaweka diski ya taarabu au ya ngoma, na mama anauweka mkono wake sakafuni, kiganja chini, kwenye saruji. Sabufa ikigonga, kichwa chake kilikuwa kinatikisika kidogo. Alikuwa anasikia. Ule ndio ulikuwa muziki wake, na ulimtosha.

Zuhura aliolewa Tanga mwaka ule. Mama hakwenda, kwa sababu ile homa ilimwachia pia kizunguzungu, na basi la safari ndefu lingemmaliza. Mzee alikwenda, akarudi na mafuta ya nazi na habari nyingi, akasema mkanda wa harusi utafuata ukishatengenezwa. Sisi bado tunasema mkanda hata kama ni diski. Mama alisubiri mkanda ule jinsi mtu anavyosubiri mgeni: alifua vitambaa vya makochi, akaniuliza kila siku kama basi limeleta kifurushi. Na mzee, kwa furaha yake, akaona sabufa moja haitoshi. Ngoma za harusi ya binti yake zisikike sawasawa, mama azipate zote. Akamwita Emanueli.

Emanueli alikuwa fundi redio mwenye kibanda karibu na stendi. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye ni raia kama mimi, Mkristo wa kuimba kwaya, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, mwenye banda la video kule alirudi kwao na hakuweza kubeba kila kitu, ndipo Emanueli akapata sabufa moja kubwa ya sanduku la mbao, yenye mashine yake ndani. "Hii mzee, hii ilikuwa inakusanya kambi nzima," alisema alipoileta, amebeba na mtu mwingine, wote wakihema. Waliiweka pembe ya pili, upande wa pili wa sebule, mkabala na ile ya dirishani. Jioni hiyo walikuja majirani. Mzee akawasha. Vikombe vikalia kabatini, wanaume kwenye makochi wakatazamana na kucheka, mmoja akashika kifua akasema, "Hii inaingia mpaka moyoni!" Mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa ameweka kiganja sakafuni, anasubiri. Akabonyeza zaidi. Akahamisha mkono karibu na ukuta, akasubiri tena. Halafu akauinua, akaufuta kwa kanga, akasimama, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Mzee alidhani sauti haitoshi. Kesho yake akaongeza. Siku iliyofuata akaongeza tena, mpaka kikombe kimoja kikadondoka kabatini na jirani wa mashine ya kusaga, mtu ambaye yeye mwenyewe ni kelele, akaja kulalamika. Mimi nachukia besi inayopigwa bila adabu, na niliuma meno tu kwa kuwa nyumba si yangu. Mama hakukaa tena sebuleni jioni. Ndipo usiku mmoja, kupitia ule ukuta wetu mwembamba, nikamsikia. Na kumsikia mama yule hakukuhitaji kutega sikio. "Nimesema usiiwashe tena kwa ajili yangu. Zimekwisha, Baba Zuhura. Zilikuwa zimebaki ngoma, na ngoma nazo zimekwenda. Usinunue tena kitu kwa ajili ya masikio ambayo hayapo." Mzee alijibu kitu kwa chini, sikukipata. Kisha mama tena: "Mkanda ukija mtauangalia nyie. Mimi nitaletewa picha, nitaziona." Sikupata usingizi. Mtu aliyebakiwa na kitu kimoja tu alikuwa anaamini nacho kimekwenda, na ameanza kukiaga.

Asubuhi mzee alikuwa na maelezo yake: sabufa ya Mtabila ni mbovu, imeharibu na ile nyingine. Emanueli alipoitwa aliapa kwa kwaya yake yote kwamba sabufa ni nzima. Nilichoka kuwasikiliza. Nikasema, "Tuzipime, moja moja, kila moja ikiwa peke yake. Ndipo tutajua." Kazini tulikuwa na maiki moja nzuri, mkuu wa kituo akaniazima kwa sharti irudi kabla ya matangazo ya jioni. Kwenye kompyuta nilikuwa na programu niliyopewa chuoni, inayopiga sauti inayopanda polepole kutoka chini kabisa, kisha inasikiliza kwa maiki na kuchora mstari: pale sauti ilipo kubwa mstari unapanda, ilipopotea unashuka. Tuliamua iwe Jumapili asubuhi, kwa sababu siku nyingine mashine ya kusaga ingetuchorea mistari yake yenyewe, na mwenye mashine Jumapili huwa kanisani. Tuliomba tu mvua isinyeshe, maana juu kulikuwa na bati, na ukishapigiwa na mvua juu ya bati hupimi kitu.

Emanueli alitoka misa ya kwanza akaja na koti lake la suti. "Mwakeye, mama," akasalimu kwa Kiha, akiinamisha kichwa mbele ya uso wa mama ili amwone midomo, na mama, aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo, amekaa kwenye mkeka wake kwa kuwa hakukuwa na kitu kimewashwa, akamjibu kwamba koti limemkaa vizuri ila suruali ni ya mtu mwingine. Tukaanza kazi. Emanueli alitaka tuchomoe tu nyaya za spika ndogo, tumalize. "Oya," nikamkatalia, kwa Kirundi chake mwenyewe, "deki inaamua yenyewe ni nini kiende kwenye sabufa na nini kisiende. Nikipima kupitia deki, nitakuwa nimepima akili ya deki." Nilichofanya ni kuiruka deki. Kompyuta ina sauti ya pande mbili, kushoto na kulia. Nikatoa waya mmoja unaogawanyika: ncha nyeupe, ya kushoto, nikaipeleka moja kwa moja kwenye sabufa ya Mtabila, ncha nyekundu, ya kulia, kwenye ile ya dirishani, ambayo nayo ilikuwa na mashine yake ndani. Spika ndogo zikabaki bubu. Sasa nikiiambia kompyuta ipige kushoto tu, inanguruma ya Mtabila peke yake. Kulia tu, ya dirishani peke yake. Pande zote, zote mbili kwa pamoja. Kompyuta yenyewe niliiacha chumbani kwangu ili feni yake isisumbue maiki, nikavuta nyaya chini ya pazia. "Kwa hiyo hii ni kama trafiki," alisema Emanueli. "Wewe pita, wewe simama." Nikamwambia ndiyo, ila huyu hapokei kitu.

Nilipima kutoka kochi la mzee. Mstari mzuri, sabufa moja moja na zote kwa pamoja. Nikapima kochi la wageni, kiti cha karibu na televisheni, mlangoni, hata juu ya meza. Kila mahali mistari ilikuwa mizuri, na zikilia zote mbili ilikuwa mizuri zaidi. Mama aliendelea na maharage yake; baadaye alisema ile ngurumo ya kupanda aliidhani lori kilimani. Emanueli akapiga makofi. "Nilisema! Nilisema mimi!" Kisha akashusha mikono, kwa sababu alimwona mzee. Baba Zuhura alikuwa amekaa kwenye kochi lake, mikono juu ya magoti, anamtazama mke wake akichambua maharage. Kama sabufa zote ni nzima, maana yake ilikuwa moja tu. "Basi ni masikio," alisema polepole. "Alikuwa anasema kweli, na mimi nimekuwa nikimpigia makelele." Nikachukua maiki nikaenda chumbani kwangu kuanza kukunja vitu.

Mzee alinifuata, nadhani ili asionekane uso na mama. Alikaa kwenye kistuli changu, akaitazama maiki niliyoiweka kitandani. "Hiki kijiti ndicho kinasikia?" Nikamwambia ndiyo, na kwa kuwa sikujua la kufanya na huzuni yake, nikamwambia aseme chochote, tuone kama kinamsikia. Programu ilikuwa bado inarekodi. Kitu nisichokijua ni kwamba wakati nikihangaika na mipangilio nilikuwa nimeacha sehemu moja wazi, ile inayochukua sauti ya maiki na kuirudisha nje kwenye spika, na kwa kuwa kipimo changu cha mwisho kilikuwa cha kushoto, njia iliyokuwa wazi ni ya sabufa ya Mtabila tu. Nilitoka kwenda sebuleni kuchomoa nyaya. Nyuma ya pazia mzee akakohoa, akasema kwa ile sauti yake nzito ya kuuzia vitenge, "Moja. Mbili. Mwanaidi, chai iko wapi?"

Kwenye sabufa hayakutoka maneno. Sabufa haina maneno. Ilikata yote ya juu, ikabakiza ngurumo tupu, inapanda na kushuka jinsi mzee alivyopanda na kushuka. Mama alikuwa ameinamia ungo wake. Vidole vikasimama katikati ya maharage. Akainua kichwa, akatazama pembe ya sabufa, akalitazama pazia la chumba changu, na uso wake ukawa na ukali wa mtu anayeitwa wakati ana kazi.

"Baba Zuhura ananguruma nini huko ndani?"

Emanueli aliniangalia. Mimi nilipiga magoti mbele yake ili anione midomo. "Anaulizia chai, mama."

"Chai imo kwenye chupa. Macho anayo." Ndipo na yeye akagundua alichokifanya. Akauweka ungo pembeni taratibu, akafuta kiganja chake kwa kanga, akakiweka sakafuni. "Mwambie aseme tena."

Nilifunua pazia nikamwambia mzee kwamba mama amemsikia. Hakunielewa, nikarudia. Akainuka, akasogea kutoka, nikamzuia na kumrudisha kwenye kistuli kwa mabega, mimi binti niliyekuwa namwogopa kwenye kodi. Akakishika kile kijiti kwa mikono miwili. Aliita jina la mke wake, si Mama Zuhura, Mwanaidi, jina lake mwenyewe, akaliita na kuliita mpaka sauti ikamkatika, na kila alipoliita niliona vidole vya mama vikijikunja kidogo juu ya saruji.

Ni Emanueli aliyetuamsha. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, koti begani, kidole kinaonyesha pembe moja kisha nyingine. "Sasa jamani, kwa nini ikilia moja anasikia, zikilia mbili hasikii?" Tukatazamana. Kisha tukatazama chini, kwenye mkeka. Nilikuwa nimepima kila mahali katika nyumba ile, kila mahali anapokaa mtu yeyote, isipokuwa mahali pa yule tuliyekuwa tunampimia. Haikutujia hata kidogo. Siku zote hizo watu walikuwa wamekaa kwenye makochi wakisifu besi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa pale akajua pakoje, kwa sababu pale hapakaliwi.

Nilimwomba ruhusa. Mama alikitazama kijiti, akanitazama mimi, akasema kwamba kwa umri wake hakutegemea kupokonywa mkeka na kitu kisicho na matako, akasogea. Niliiegemeza maiki kwenye mto, usawa wa kichwa chake. Ya Mtabila peke yake: mstari mzuri. Ya dirishani peke yake: mzuri vilevile. Zote mbili kwa pamoja: mstari ukaenda vizuri, ukafika pale pale ngoma zinapogonga, ukatumbukia shimoni. Nilirudia nisijidanganye. Shimo lile lile. Sabufa hizi mbili, zilivyokaa zikitazamana, zilipofika kwenye mkeka ule moja ilikuwa inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, basi zinafutana na hakibaki kitu. Na mzee alivyozidi kuongeza sauti ndivyo zilivyozidi kufutana. Niligeuza kompyuta mama aone. Nikamwonyesha mistari miwili iliyosimama, na wa tatu uliotumbukia. "Si masikio yako, mama," nikasema, nikitamka polepole kuliko nilivyowahi kutamka kitu. "Masikio yako yapo. Ni hapa." Nikagonga sakafu.

Alicheka kwanza. Kisha akalia, kanga usoni, mabega yakitikisika, na mzee amesimama hajui aweke wapi mikono. Kisha akafuta uso akaanza kunigombeza kwa ile sauti ya mtaa mzima, kwa nini tangu asubuhi nazunguka na kijiti kwenye makochi ya wanaume bila kumuuliza yeye mwenye shida, na chuoni tulikuwa tunafundishwa nini. Nilikubali kila neno. Emanueli, mtu wa kutafuta njia fupi, akasema dawa ni rahisi: mkeka usogezwe hatua moja kuelekea dirishani, shimo litabaki nyuma. Baba Zuhura akainua mkono. "Hapana. Mama Zuhura hahami. Pale ni pake. Zihame hizo."

Basi zikahama. Maiki ilibaki kwenye mkeka, na sisi tukaizungusha sabufa ya Mtabila sebule nzima, tukiiweka na kupima, tukiibeba na kupima, mama akiwa mlangoni mwa jikoni anatuamuru. Nyuma ya televisheni, shimo. Karibu na kochi la wageni, shimo dogo. Mahali pekee ambapo mstari wa mkeka ulisimama wima bila kuyumba palikuwa ukuta wa kushoto, na kwenye ukuta wa kushoto kulikuwa na kabati la mninga, limekaa pale tangu waoane. Nilidhani hapo tumekwama. Mama alilitazama kabati lake, akafungua milango, akaanza kutupa vikombe mikononi mwetu, kimoja kimoja, vya rangi ya dhahabu alivyotoka navyo Ujiji ambavyo hakuna aliyewahi kunywea. Kabati likaenda mlangoni, kwa kuwa hapakuwa na kwingine. Maiki ilichelewa kurudi kazini, na maneno niliyopewa na mkuu wa kituo siyaandiki hapa.

Mkanda uliletwa na basi wiki chache baadaye. Majirani walijaa, wanaume kwenye makochi, wanawake chini, na mkeka ukamsubiri mwenyewe. Mama aliingia kutoka jikoni amevaa kanga mpya, akakaa, akaweka kiganja sakafuni. Nilikuwa nimejibana na kabati mlangoni na nakumbuka nilishika ubao wake kwa nguvu. Zuhura akatokea kwenye kioo, amefunikwa, hina mpaka kwenye viwiko. Ngoma zikaanza. Kichwa cha mama kikatikisika. Kikatikisika tena. Akafumba macho, na sote tukamtazama yeye badala ya bibi harusi. Halafu akafumbua macho akakunja uso.

"Huyu wa ngoma kubwa anachelewa," alitangaza. "Tanga nzima walikosa mpigaji?"

Sijawahi kusikia nyumba ikicheka vile. Baba Zuhura alicheka mpaka akashuka kutoka kwenye kochi, na akiwa chini aliona afadhali akae hapo hapo, kwenye mkeka, kando ya mke wake, kiganja chake sakafuni karibu na cha mama. Ndiyo mara pekee niliyomwona mtu mwingine amekaa pale. Mwisho wa mwaka nilipata kazi Kibondo nikahama, na mambo ya maisha yakaendelea, nikaja na kupitia kila nilipopata safari, nikila migebuka na kusemwa kwa kukonda. Emanueli ndiye aliyebaki akizitunza zile sabufa, bado anapita.

Safari hii tulikunywa chai kwanza. Chupa ni nyingine, ya bluu, lakini inakaa pale pale. Mama amekonda, kanga imemzidi, sauti tu ndiyo haijapungua. Alinieleza siku za mwisho za mzee bila kulia, akaniuliza habari za watoto, akanisema kuhusu nywele zangu. Mwishowe nilipiga magoti mbele yake, jinsi nilivyozoea, nikamwambia kwamba ile Jumapili, mzee alipoongea kwenye kijiti, kompyuta ilikuwa inarekodi, na kwamba ninayo. Kama hataki, nitaondoka nayo. Aliitazama midomo yangu hata baada ya kuwa nimemaliza. Kisha akatazama sabufa ya Mtabila, pale ukutani ilipokuwa kabati.

"Ichomeke," alisema.

Nilichomeka waya ule ule, ncha nyeupe. Mama alikaa kwenye mkeka wake, akasogeza mto, akapapasa nafasi kando yake. "Njoo ukae hapa. Huko mlangoni unafanya nini?" Nikakaa, na nilipokaa nilikosa pa kuiweka miguu yangu. Akafuta kiganja kwa kanga, akakiweka sakafuni. Na mimi nikaweka changu. Nikawasha. Mzee akakohoa, akahesabu, akaita, na saruji ikatetemeka chini ya mikono yetu jinsi alivyokuwa anaongea, polepole, bila haraka na mtu.

"Anasema nini?" mama aliniuliza, akinigeukia aone midomo, ingawa alikuwa anajua.

"Anaulizia chai."

"Mwambie imo kwenye chupa." Hakuuinua mkono wake. Aliitazama ile sabufa, kisha akanigusa goti. "Mwambie aseme tena."